Kabla ya kuweka kidole badala ya nywila, shughulikia PIN kwanza

Mama mmoja muuza vitumbua hapa Ngamiani, Tanga, alikuja dukani kwangu na daftari lake la madeni. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika nywila zake zote: barua pepe, Facebook, benki. Daftari lenyewe hukaa pembeni ya karai, na kila anayekopa hulishika. "Mwanangu," akaniambia, "kichwa changu hakibebi tena haya maneno. Niwekee kidole kama wenzangu."

Tulikaa karibu saa nzima. Hapa naandika tulichofanya, kwa utaratibu uleule, kwa kuwa wengi huponzwa na utaratibu: wanakimbilia kidole na kuacha mlango wa nyuma wazi.

Mlango wa nyuma ni ile namba (PIN) au mchoro wa kufungulia simu. Yeye alikuwa anatumia mchoro. Niliiinamisha simu kwenye mwanga wa mlangoni, na pale kwenye kioo mafuta ya vitumbua yalikuwa yamechora herufi Z, wazi kabisa. Hakuna haja ya kuwa mwizi hodari kuifungua simu ile.

Kidole hakiondoi PIN. Ukizima simu na kuiwasha, itadai PIN. Kidole kikikataliwa mara kadhaa, itadai PIN. Na anayeijua PIN yako anaweza kuingia kwenye Mipangilio, akasajili kidole chake mwenyewe, na tangu siku hiyo simu inamwona yeye ni wewe. Kwa hiyo weka PIN ya tarakimu sita, isiyo mwaka wa kuzaliwa wala mwisho wa namba yako ya simu, na isifanane na ile ya pesa za simu. Hiyo moja ndiyo ya kukariri. Mama yule aliirudia kimoyomoyo, akaifunga na kuifungua simu mara kumi mbele yangu mpaka vidole vikaizoea.

Ndipo tukaenda kwenye kidole. Gumba la kulia lilikataa mara tatu. Ni mkono wa kazi, unageuza vitumbua tangu alfajiri, ngozi imekuwa ngumu na ya kuteleza kama kijiko cha mti. Wavuvi, mafundi ujenzi na wanaofua kwa mkono wana shida hiyohiyo. Wengi wanaikumbuka tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019. Nikampa sabuni, akanawa, akajifuta kwa khanga hadi mkono ukakauka kabisa. Mkono wenye maji au losheni huichanganya ile sehemu ya simu inayosoma kidole. Tukajaribu kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kikapita. Tukaongeza gumba la kushoto, kisha tukasajili kile cha shahada mara ya pili kwa jina lingine, safari hii tukikiegemeza upande upande, ili simu iwe na sampuli nyingi. Usisajili kidole kimoja tu. Ukikatwa na kisu kesho, utabaki unaiangalia simu yako.

Uso je? Kwenye iPhone zenye Face ID, simu humulika usoni nukta za mwanga usioonekana na kupima umbo lake, kwa hiyo picha haiidanganyi. Simu nyingi za bei ya chini hutumia kamera ya mbele tu, na baadhi huweza kufunguliwa kwa picha. Kwa simu hizo mimi nasema kidole, basi. Na kwa anayevaa nikabu, kidole kina raha zaidi hata kwenye simu ya bei mbaya.

Alisita. "Na hiki kidole changu, wanakipeleka wapi?" Swali zuri, nalipata kila wiki. Kwenye usajili wa laini, alama yako ililinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Hapa sivyo. Simu haitunzi hata picha ya kidole. Inatunza vipimo vyake katika sehemu iliyofungwa ndani ya simu yenyewe, na Google au benki haivipati. Fikiria hivi: Google wanabaki na kufuli, simu yako inabaki na ufunguo, na kidole kazi yake ni kufungua droo ulimo ufunguo huo. Ndiyo maana unaitwa ufunguo wa siri. Kwenye simu ya Kiingereza utasoma Passkeys. Uzuri wake ni kwamba unaitambua tovuti halisi. Tapeli akikutumia kiungo cha ukurasa unaofanana na Google, ufunguo hautoki. Nywila ungeweza kuiandika pale bila kushtuka.

Ili kuuweka, simu iwe ya Android 9 kwenda juu, au iPhone yenye iOS 16 kwenda juu. Fungua myaccount.google.com, nenda Usalama, tafuta Funguo za siri, fuata maelekezo, weka kidole. Dakika mbili. Ufanye kwenye simu yako tu. Usiuweke kamwe kwenye simu ya kuazima au kompyuta ya kazini.

WhatsApp nao wana ufunguo wa siri, ndani ya Mipangilio, sehemu ya Akaunti. Ila hapohapo washa uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita, maana njia ya kuingia kwa namba za meseji bado ipo, na matapeli bado wanapiga simu kuziomba kwa sauti ya upole.

Programu ya benki ina sehemu yake ya kuwasha kidole, na utaingia kwanza kwa nywila ya zamani. Siku ukiongeza kidole kipya kwenye simu, huenda benki ikakudai nywila tena. Usiogope, ni ulinzi: inataka kujua kama ni wewe uliyeongeza. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto au mume asisajiliwe kidole kwenye simu yenye pesa. Mama yule alikuwa na kidole cha mjukuu mle, cha kuchezea gemu. Tukakifuta.

Ukipiga *150*00# ya M-Pesa kutuma pesa, kidole hakina nafasi. Ni namba ya siri kama zamani, na haambiwi mtu.

Sasa lile ambalo watu hulikumbuka simu ikishaibiwa. Nakala za funguo za siri zilizohifadhiwa zikiwa zimefungwa kwenye akaunti ya Google hukufuata kwenye Android mpya, lakini unaweza kuulizwa PIN ya simu ya zamani ili zifunguke. Ndiyo maana nilimkaririsha. Nywila ya Google nayo haifutiki kwa kuweka ufunguo. Ibadilishe iwe ndefu, iandike kwenye karatasi, ikae nyumbani pamoja na hati muhimu. Hakikisha namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti ni zako na zinafanya kazi. Nimepokea watu wengi ambao namba iliyopo kwenye akaunti ni laini waliyoitupa zamani, na hapo mikono yangu inakuwa imefungwa.

Simu ikipotea, azima ya mtu unayemwamini, ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa dirisha la faragha (Incognito kwenye Chrome), uitoe ile iliyopotea kwenye orodha ya vifaa, kisha upige kwa mtandao wako wafunge laini na kwa benki wafunge huduma. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na ulifunge dirisha kabla ya kumrudishia mwenyewe simu yake.