Wazo likikuvamia katikati ya kazi, liandike, usilifuate

Kwa mwenye ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza fikra), au yeyote ambaye akili yake haitulii: weka kikaratasi na kalamu kando ya kazi. Kwanza jipime unaweza kukaa na kazi ya kuchosha kwa muda gani kabla hujatamani kuinuka. Kama ni dakika 12, tega saa dakika 12, achana na zile 25 ambazo watu wengine huzitega. Wazo likichomoza ("luku inaisha", "yule jamaa hajanijibu"), liandike kwa maneno mawili matatu, kisha rudi kwenye kazi. Saa ikilia, pitia orodha. Mengi utayakata hapo hapo. Yalionekana ya dharura kwa kuwa tu yalikuwa mapya.

Mbinu hii imo kwenye tiba ya watu wazima wenye ADHD iliyoandaliwa Massachusetts General Hospital, Boston, Marekani. Kinachomwinua mtu kitini mara nyingi ni hofu ya kusahau: anajua kumbukumbu yake huponyoka upesi, hivyo anakimbilia kulitenda wazo lisije likapotea. Likishakaa kwenye karatasi, hofu inapungua.

Inapogoma: ukiandika kwenye simu (umefungua noti, umekutana na WhatsApp, basi tena). Ukiacha kupitia orodha nayo, akili haitaiamini karatasi siku nyingine. Na kelele za nje haizigusi kabisa. Redio ya jirani haiandikiki, hapo ni kuhama chumba tu.