Ukikaa sana, chezesha miguu
Wale wenzangu wa kukaa kwenye kiti toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba, hii yenu. Ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini) sio bomba la plastiki jamani, ukuta wake wa ndani unahisi damu inavyopita, ikipita kwa kasi unatoa gesi inaitwa naitriki oksaidi ambayo inalegeza msuli wa mshipa basi unatanuka (kazi ya hiyo gesi ilipewa Nobeli 1998, sio stori za kijiweni). Ila presha ikipanda ghafla vile vimishipa vidogo vinajibana, kwa hiyo usichanganye, kinachotanua ni mtiririko.

Wanavyopima huo uwezo wa mshipa kutanuka: wanakubana mkono na ule mkanda wa presha dakika 5, wakiachia damu inarudi kwa fujo, mkono unapata joto, na kwenye ultrasaundi ya mtu mzima wa afya mshipa unaonekana umetanuka kidogo.

Sasa ukikunja goti masaa matatu damu ya miguuni inapita kinyonge na huo uwezo wa kutanuka unashuka hata kama huumwi kitu. Chezesha visigino dakika 1, pumzika 4, rudia, au nyanyuka ukafuate chai mwenyewe badala ya kumtuma dogo.