Fundi, nguo yangu lini? Kuishi na usonji na ADHD ukiwa umejijua ukubwani

Mafundi cherehani tunaitwa waongo. Mteja anauliza nguo yake, unamjibu "njoo kesho". Mimi nashona Tandika mwaka wa 16 sasa, na hiyo "kesho" nimeisema hadi ikaota ndevu. Ila kila nilipoisema nilikuwa naiamini kabisa. Nilipofikisha miaka 38, daktari wa afya ya akili akaniambia nina usonji (autism, ubongo unaong'ang'ania mazoea na kuumizwa na kelele) na ADHD (ubongo unaoshindwa kutulia na kushika umakini), vyote viwili. Kama na wewe umetoka kuambiwa hivyo, chukua linalokufaa hapa.

Jihesabu una wapangaji wawili chumba kimoja. Usonji unataka chai ile ile, kikombe kile kile, saa ile ile. ADHD siku ya tatu imekichoka kikombe. Ushauri mwingi utakaopewa ni wa mpangaji mmoja. Ukimfurahisha huyo, mwenzake anavunja vyombo. Kwa hiyo mimi nimefunga mipaka, ndani yake nimeacha wazi. Saa tatu nafungua kibanda, saa saba nakula, saa kumi na moja nafunga, hata Rais apite. Katikati ya hapo nachagua cha kushona kati ya oda tatu. Zikiwa kumi nakaa nazitazama tu mpaka adhuhuri.

Muda nao uupime, usiukisie. Nilikuwa nahesabu gauni la kitenge, la kawaida tu bila mbwembwe, ni kazi ya saa mbili. Nikawasha saa ya simu tangu kukata hadi kupiga pasi: tano na nusu! Nikapima na sketi, nikapima na kubadilisha zipu, nikaandika yote nyuma ya daftari la vipimo. Siku hizi mteja akiuliza lini, sijibu kabla sijafungua daftari. Wapo wanaosonya na kwenda kwa fundi wa jirani anayesema kesho.

Penye ugomvi mkubwa ni pa kuweka vitu. Kwa ADHD, kitu kikiingia kabatini kimekufa. Niliwahi kukuta sare ya mtoto wa watu chini ya mabaki ya vitambaa, shule imeshafunguliwa wiki mbili. Nikaamua kutundika kila kitu ukutani. Ukuta ukanipigia kelele: rangi, maua, vipande vinaning'inia, jioni kichwa kinagonga. Ilinichukua karibu mwaka kupata hili: msumari mmoja mbele ya cherehani, una nguo moja tu, ya leo. Zilizobaki ziko nyuma ya pazia jeupe, kwenye mifuko inayoonyesha, na juu ya pazia nimebandika karatasi yenye majina na tarehe. Macho yanapumzika na hakuna kinachosahaulika. Au tuseme hakisahauliki sana.

Kelele: nunua vizibo vya masikio, vile laini vya kuminya. Mimi navaa chini ya ushungi, mteja haoni. Cherehani yangu hainisumbui hata ikiunguruma mchana kutwa, lakini spika ya muuza CD za dini na ya muuza sumu ya panya zikikutana, naweza kulia.

Kuhusu ndugu, usianze na majina ya kitaalamu. Nilimwamkia mama, shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Akanitazama: "Tangu mdogo uko hivyo. Umetoa hela ukaambiwe?" Nilikasirika, baadaye nikaona amenisaidia, maana ushahidi wa utotoni ndio daktari alioutaka. ADHD haithibitishwi mpaka ionekane baadhi ya dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12. Nilipeleka ripoti ya darasa la nne: "Ana akili ila anazubaa." Na wala usimlaumu mwalimu. Mwongozo wa Marekani uitwao DSM, unaotumiwa na madaktari wengi duniani, ulikuwa hauruhusu mtu mmoja kuandikiwa vyote viwili hadi toleo la 2013. Miaka ya 1990 nani angejua?

Kwa hiyo kwa ndugu omba kitu, acha maelezo. "Mama, ukinituma, nitumie kwa meseji." Hilo analielewa na analifanya.

Dawa zipo za ADHD, metilifenideti ikiwemo; ya kuondoa usonji hakuna, na anayekuuzia anakuibia. Uliza daktari kuhusu presha na mapigo ya moyo kabla hujaanza. Mimi, ADHD ilipotulia, usonji ndio ukasikika zaidi: lebo za nguo shingoni zikaanza kuniwasha kuliko zamani. Nilidhani naumwa kitu kipya. Nikazikata zote, nikaendelea.

Miezi ya mwanzo utataka kupanga maisha yote upya kwa wiki moja. Mimi nilinunua madaftari saba. Limebaki moja.

Na baada ya shughuli yenye watu wengi, harusi au msiba, iwekee siku yake ya kulipa deni la uchovu. Mimi kesho yake nashusha pazia la kibanda nusu, natundika kibao "Fundi hayupo". Nipo. Nakata vitambaa, sisemi na mtu.