Nyumba ya mawe na chokaa: kazi za kumaliza kabla ya masika

Masika huingia Machi na kuendelea hadi Mei, lakini kazi za nyumba zianze Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. Chokaa hukauka polepole, na ikinyeshewa mbichi hubebwa na maji. Hapa nazungumzia nyumba za zamani za mawe, kama za Malindi, Shangani na Mkunazini, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji afuate hatua mbili za mwanzo tu.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati wake unahitaji kibali. Pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujanunua hata polo moja la mchanga.

Hatua ya kwanza: paa
Usianze na rangi ya ukumbini kwa kuwa wageni wanakuja. Anza juu. Saa sita mchana ingia chini ya bati, funga milango na madirisha, utazame juu. Kila panapopenya nuru, maji yatapita hapo hapo. Tia alama kwa mkaa. Ukipanda, kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana ndipo penye mbao chini yake. Msumari ulioliwa na kutu ung'oe, uweke mwingine wenye mpira, na uupige kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita.

Hatua ya pili: mifereji na boriti
Zoa majani, kisha mwaga ndoo ya maji uone yanakwenda wapi. Bomba la kuteremshia maji lazima liyatupe mbali na ukuta, kwa sababu mawe yetu ya matumbawe hunywa maji. Palipo na bomba lililopasuka, ingia ndani utazame ncha za boriti pale zinapozama ukutani. Boriti huanza kuoza hapo, huku katikati bado inaonekana nzima. Ichome kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, hamisha watu kutoka chumba hicho, weka nguzo za kuegemeza, umwite fundi anayezijua nyumba hizi. Sote tuliona tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilivyoporomoka, na watu wakafariki. Nyumba ya mawe si ya kuahirishiwa.

Hatua ya tatu: ukuta
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta ukitoa unyevu, watu wengi hupiga lipu ya saruji, na kwa miezi michache hung'aa. Lakini saruji huziba. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma yake, na lipu hubanduka pamoja na chokaa ya zamani. Ninawasihi wenye nyumba: saruji isiguse ukuta wa matumbawe.

Iliyokwisha pigwa iondoe taratibu kwa tindo na nyundo ndogo, kisha uuache ukuta upumue wiki kadhaa. Ndiyo maana nimesema Januari.

Chokaa mbichi, yaani ya tanuuni ambayo bado haijaguswa na maji, huzimwa kwa kuitia kidogo kidogo ndani ya maji. Usiimwagie maji juu yake, itaruka na kuunguza. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Ikishazimwa, ihifadhi chini ya maji, maana kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Changanya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga safi. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi.

Rowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka jembamba, unene wa sentimita moja hivi. Likishika, ndipo upige la pili. Tundika magunia mabichi mbele yake ili jua lisilipasue. Mwisho paka chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne.

Hatua ya nne: chini
Zibua mtaro, ondoa udongo uliorundikana kwenye msingi, na hakikisha baraza inamwaga maji nje.

Mvua ya kwanza ikinyesha, zunguka vyumba vya juu na tochi, utie alama kila penye unyevu. Hayo ni ya kushughulikia Juni, mvua zikishakatika.