Biogesi ya nyumbani: pima mavi kwanza, shimo baadae

Wadau, gesi ya mtungi inatoka kwenye visima vya mafuta huko mbali, inakuja na meli, afu bei anapanga mwingine, wakati ng'ombe wako bandani wanakupa gesi kila asubuhi na wewe unaiachia inapotea hewani. Mi najenga mitambo ya biogesi huku Kilimanjaro, yaani matangi yaliyofungwa ambamo bakteria wanaozesha mavi bila hewa mpaka yatoe gesi ya kupikia, na mitambo mingi nayoitwa kufufua ujenzi wake hauna shida kabisa, shida ni kwamba mwenyewe alitaka mkubwa kuliko mifugo yake.

Hatua ya 1: pima mavi. Wiki nzima, kila asubuhi kusanya mabichi ya bandani uyapime kwa mizani. Tuseme ng'ombe wawili wa ndani wanakupa kilo 25 kwa siku. Kilo moja inatoa kama lita 40 za gesi, kwahiyo una lita 1,000, na jiko la plate moja linakula lita 350 hadi 400 kwa saa, yaani unapika kama masaa mawili na nusu. Chai, ugali na mboga vinatosha, maharage loweka usiku. Ng'ombe wanaoshinda machungani usiwahesabu, mavi yao yanabaki njiani.

Hatua ya 2: ukubwa. Mavi unachanganya na maji nusu kwa nusu, kilo 25 na lita 25, jumla kama lita 50 kwa siku. Yakae ndani siku 50 hivi, hapo ni lita 2,500, ongeza nafasi ya gesi, mtambo wa kyubiki mita 4 (lita 4,000) unakutosha. Huku juu kwenye baridi bakteria wanafanya kazi taratibu, ongeza siku.

Hatua ya 3: ujenzi. Kuba la tofali chini ya ardhi mwachie fundi aliyefundishwa, plasta ya ndani ikipata ufa hata mdogo gesi yote inaondoka. We simamia bomba liwe na mteremko na sehemu ya kutolea maji, maana gesi inatoka na unyevu. Ukiona moto unarukaruka jikoni, maji yameziba bomba.

Hatua ya 4: kujaza. Kujaza mara ya kwanza ni mavi mengi, omba na kwa majirani, toa mchanga na majani, koroga mpaka mabonge yaishe. Subiri wiki mbili hadi nne. Gesi ya mwanzo iachie nje, usiiwashe kabisa, ina hewa ndani na inaweza kulipuka. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni, kiberiti weka mbali jamani!

Hatua ya 5: lisha kila siku. Maji ya kufulia na dawa za kuoshea banda zisiingie, zinaua bakteria, na ng'ombe akiwa kwenye antibayotiki mavi yake weka pembeni mpaka amalize dozi. Jiko tumia la biogesi, la mtungi tundu lake ni dogo. Moto uwe wa bluu, ukiwa wa njano fungua tundu la hewa la jiko kidogo.

Tope linalotoka upande wa pili usilimwage mtaroni, ni mbolea nzuri sana, peleka kihambani kwenye migomba na kahawa, chimba kamtaro kuzunguka shina umwagie afu ufukie, ukiliacha juani naitrojeni inapotea.