Hitmontop hapatikani kwa pupa: kumlea Tyrogue mpaka leveli 20

Katika gemu ya Pokémon HeartGold ya mwaka 2009, kiumbe aitwaye Tyrogue huweza kugeuka mmoja kati ya watatu kuanzia leveli 20. Wangu wa kwanza nilimharibu ndani ya boti, kati ya Mokowe na Amu. Nilimtaka Hitmontop, yule anayepigana kichwa chini miguu juu, akizunguka kama pia. Basi nikawa nabonyeza tu, jicho moja kwenye begi lisilowe. Kufika gatini nina Hitmonlee, bingwa wa mateke, na huyo harudi tena kuwa Tyrogue.

Hatua ya 1. Ingia pango la Mt. Mortar umtafute Kiyo, mwalimu wa karate. Nenda na viumbe sita kamili. Ukimshinda hatakupa kitu, maana huna nafasi, na ndivyo tunavyotaka. Toka, acha mmoja, rudi, seivu mbele yake, ndipo umsemeshe. Atakupa Tyrogue wa leveli 10.

Hatua ya 2. Fungua namba zake, tazama Attack (nguvu ya kupiga) na Defense (nguvu ya kukinga) tu. Mojawapo ikiwa na rangi nyekundu au buluu, tabia yake inamvuta upande mmoja. Zima, washa, chukua tena. Inachosha, lakini ni afadhali kuliko kuhangaika baadaye.

Hatua ya 3. Shika kanuni hii. Akipanda kufika leveli 20, Attack ikizidi ni Hitmonlee. Defense ikizidi ni Hitmonchan, wa ngumi za glavu. Zikilingana sawasawa ni Hitmontop. Nilipomweleza mtoto wa ndugu yangu pale barazani alicheka: "Ami, si kirumbizi hicho! Fimbo ile ile ya kupiga ndiyo ya kukingia."

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Humo humo pangoni, kila Geodude, kiumbe wa mle, unayempiga anamwongezea Tyrogue pointi 1 ya siri ya Defense, na kila Machop 1 ya Attack. Pointi hizo huzioni mpaka apande leveli, kwa hiyo kila akipanda angalia ipi imebaki nyuma, kisha chagua wa kupigana naye. Akifika 19, simama. Kama bado zimepishana, nunua chupa za dawa katika duka kubwa la mji wa Goldenrod: Iron kwa Defense, Protein kwa Attack. Kila moja ni 9800 za pesa za gemu, ghali kweli, na inatia pointi 10. Kwa leveli hii, namba moja ya kwenye skrini inataka kama pointi 20, yaani chupa mbili. Mpe moja kwanza, utazame. Pengine alikuwa karibu.

Hatua ya 5. Seivu, kisha mpandishe. Zilizolingana kwenye 19 zaweza kupishana kwenye 20 kwa sababu gemu hukata desimali, kwa hiyo soma namba mpya kabla hajaanza kubadilika. Zikikataa, bonyeza B umzuie, urekebishe, ujaribu 21. Kijana wetu alimzuia mara tatu. Wake aligeuka kwenye 23.