Unaenda soba au kwenye maombi kuacha kilevi? Simu yako usiikabidhi pamoja na roho

Hii mada ikiguswa tu watu wanagawanyika hapo hapo. Huku utasikia "bila Mungu huachi hata sigara", kule utasikia "hayo maombi ni usanii, peleka mgonjwa hospitali". Wabishane tu, ila kuna jambo linawapita wote: ukishaamua kwenda, iwe kwa mchungaji, iwe kwa shehe, iwe soba hausi (nyumba wanakokaa watu wanaoacha vilevi) inayofuata zile hatua 12, taarifa zako zinaishia wapi? Kukiri mbele ya watu wachache waliokaa duara ni jambo moja, kukiri kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili ambao nusu yao huwajui ni jambo jingine kabisa.

Ubishi wa imani tuupitie haraka, maana unahusika. Hatua 12 zilitoka kwa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), walioanza 1935 Akron, Ohio, na hatua zenyewe zinamtaja Mungu waziwazi, "kadiri tunavyomwelewa". Wasiopenda dini walikuwa wanasema hakuna ushahidi wowote kwamba inafanya kazi, na kweli mapitio ya 2006 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tiba kwa kukusanya tafiti, hayakukuta ushahidi wa kueleweka. Ila yale ya 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yakakuta kwamba AA na tiba zinazompeleka mtu AA kwa utaratibu maalum zinawasaidia watu kukaa bila pombe kabisa, na kwa hilo zinazishinda tiba nyingine kama ile ya kubadili fikra na tabia. Kwa hiyo anayesema ni usanii mtupu amepitwa. Lakini ngoja, usishangilie bado mchungaji: hiyo ni pombe, sio unga (heroini), na ni mikutano ya watu wanaosaidiana wiki baada ya wiki, sio kuwekewa mikono Jumapili moja ukatangazwa umefunguliwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kabla hujasaini chochote ni dawa, hasa methadoni, dawa ya hospitali anayopewa anayeacha unga. Uliza hivi hivi: "Mtu akija anatumia methadoni mnamruhusu aendelee?" Wakikwambia methadoni ni kubadilisha kilevi kwa kilevi, hapo kuwa makini sana. Hospitali ya Muhimbili, Dar, wanatoa methadoni tangu 2011 na Malindi, Kenya, tangu 2015, sio kitu cha kubahatisha. Swali la pili: mtu aliyekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla nani anamwangalia? Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili baada ya kukatisha, inaweza kumletea mtu degedege na kumuua, hiyo haitaki maombi peke yake, inataka daktari awe karibu. Na aliyekaa miezi bila unga akirudi kwa kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo kwa sababu mwili umeshasahau. Nyumba isiyojua kukujibu haya mawili hata ikiwa na kwaya nzuri namna gani, ipite.

Swali la tatu ndio letu: "Majina yetu mnayaandika wapi, na nani anayaona?" Watu wengi wanaona aibu kuuliza, usione aibu. Nyumba nyingi zina daftari la mahudhurio, sawa, daftari halina shida likifungiwa kabatini. Shida ni pale msaidizi analipiga picha kila Ijumaa na kulituma kwa kiongozi kwa WhatsApp, ile picha inakaa kwenye galari ya simu yake, inapanda kwenye bakapu (nakala inayohifadhiwa mtandaoni), mtoto wake anaichezea hiyo simu, na hapo jina lako lipo, tarehe ipo, na pembeni wameandika "unga, mara ya pili". Wakiwa na faili la kompyuta uliza kama limefungwa kwa nywila au ni linki ambayo yeyote akiipata anafungua.

Haya, twende kwenye simu.

Kama nyumba inachukua simu siku ya kuingia (soba nyingi zinafanya hivyo na zina sababu za msingi, mzugaji wa kijiweni hachelewi kupiga), usiikabidhi ikiwa imewaka na wazi. Siku moja kabla badilisha namba ya kufungulia, ile ambayo mnaijua na mkeo na mdogo wako, badilisha na PIN ya pesa, weka PIN kwenye laini yenyewe ili mtu akiichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine isimfungukie. WhatsApp ina uthibitishaji wa hatua mbili, uwashe. Ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila kompyuta usiyoikumbuka. Kisha zima, weka kwenye bahasha, gundisha, saini juu ya gundi. Wakikuomba namba ya kufungulia waambie simu haitatumika mpaka nitoke, kwa hiyo namba ya nini?

Namba ya simu ndio kitu ambacho wengi hawakifikirii. Ukiingizwa kwenye grupu, kila memba anaiona namba yako. Na kwetu huku namba ni jina: mtu anajifanya anakutumia elfu moja kwa M-Pesa, kabla hajathibitisha jina lako lililosajiliwa linamtokea, anakansel, kazi imeisha. Kwa hiyo ukiweza chukua laini ya pili kwa ajili ya mambo ya kuacha, na hiyo laini USIIFUNGULIE akaunti ya pesa. Watu wananunua laini ya pili halafu wanaisajilia pesa siku hiyo hiyo, sasa umeficha nini? Wengine wanatumia Signal, programu ya ujumbe kama WhatsApp, ambayo tangu Februari 2024 inakuruhusu kutumia jina la kutunga na kuificha namba, ila kiukweli kulihamisha grupu zima la kina mama wa maombi kwenda Signal ni vita, jaribu kwa sponsa wako tu (mwenzako aliyetangulia kuacha anayekuongoza) mnapoongea wawili.

Halafu kuna Truecaller na GetContact, programu zinazomwonyesha mtu jina ambalo wengine wameisevia namba. Mtu mmoja wa kituoni akikusevu "Hamisi Soba" na ana moja ya hizo programu, bosi wako mpya naye anayo, siku ukimpigia anaweza kukusoma hivyo hivyo. Waombe wanaokusevu waandike jina lako basi, bila cheo cha ugonjwa.

Kwenye WhatsApp nenda Faragha, kisha Vikundi, weka kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye grupu ni watu uliowasevu tu. Picha ya wasifu nayo iwe kwa uliowasevu. Na ujue hili: ukitoka kwenye grupu sikuhizi haitangazwi kwa wote, wanaoarifiwa ni maadmini, lakini memba yeyote akifungua orodha ya waliotoka anakuona kwa siku 60. Kwa hiyo kama umeingizwa bila kuulizwa kwenye grupu linaitwa "Tunaacha Unga kwa Jina la Yesu", kutoka kimyakimya kuna kimya chake. Maadmini, nyie ndio mnaweza kulimaliza hili kwa dakika mbili, liiteni grupu "Alhamisi jioni" na muwashe ujumbe unaojifuta baada ya siku 7, hamtapungukiwa na upako. Bakapu pia, mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa njiani lakini nakala inayopanda Google haifungwi kwa nywila mpaka uiwashe mwenyewe hiyo kitu, ipo kwenye mipangilio ya bakapu.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote, programu za "kuwajibishana". Marekani zimekuwa biashara kubwa makanisani, maarufu ni Covenant Eyes, ilianza 2000 kule Michigan, jina wamelitoa Ayubu 31:1. Ilianza kwa ajili ya picha za ngono lakini wazo lake limeenea: unaweka programu kwenye simu yako, inapiga skrinshoti, inachambua, kisha ripoti inaenda kwa "mwenzako", ambaye mara nyingi ni kiongozi wako wa kanisa. Watetezi wanasema ni hiari, na kuna watu wanasema imewasaidia, siwapingi. Ila hiari gani pale anayekuomba uiweke ndiye anayeamua kama unaimba kwaya, kama unaoa, kama unaendelea kulala kwenye nyumba yake? Mwaka 2022, baada ya gazeti la Wired kuwauliza Google, programu za Covenant Eyes na mwenzake Accountable2You zikaondolewa Play Store kwa muda kwa sababu ya jinsi zilivyotumia ruhusa ya Ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo inasoma kila kinachotokea kwenye kioo. Kila kitu, meseji ya mama, salio la benki, namba ya siri inayotumwa kwa SMS.

Na zinakosea. Wired hao hao waliandika 2023 kuhusu mtu wa Indiana aliyekuwa nje kwa dhamana, simu za familia yake zikawekewa Covenant Eyes kama sehemu ya masharti, programu ikaripoti kwamba simu ya mkewe imegusa tovuti ya ngono, jamaa akarudishwa ndani. Familia ikasema hakuna aliyefungua, ni simu yenyewe ikifanya mambo yake nyuma. Sasa jiulize, kama mahakama inachukua ripoti ya namna hiyo, mzee wa kanisa ataihoji?

Kuangalia kama umewekewa kitu bila kujua, kwenye Android fungua Mipangilio, Ufikivu, tazama programu zilizopakuliwa, yoyote usiyoijua iliyowashwa ni ya kuuliza. Angalia pia programu za usimamizi wa kifaa, na VPN. Kwenye iPhone ingia Jumla halafu VPN na usimamizi wa kifaa, kama kuna wasifu umewekwa na mtu mwingine utauona hapo. Usikurupuke kufuta kama aliyeiweka ni mume au baba mwenye mkono mwepesi, kuiondoa kunamfikia kama taarifa, kwanza ongea na mtu ukitumia simu nyingine.

Unachohitaji mara nyingi ni kizuizi, sio mpelelezi. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya makusudi. Anayepambana na kubeti achukue BetBlocker, ya bure, unachagua muda mwenyewe na kabla haujaisha huitoi kirahisi, na haimripoti mtu kwa mtu. Kwa picha za ngono, kwenye Android nenda DNS ya faragha (sehemu ya mipangilio inayoamua simu itafute wapi anwani za tovuti) uandike family.cloudflare-dns.com, tovuti hizo hazifunguki na hakuna mchungaji anayeletewa orodha. Utaweza kuitoa? Ndio, kwa sekunde kumi. Lakini hata ile ya skrinshoti mtu anaikwepa kwa kuazima simu ya jirani, kwa hiyo tusidanganyane.

Waifai ya kituo. Mwenye ruta hawezi kusoma ujumbe wako wa WhatsApp ila majina ya tovuti unazoingia anaweza kuyaona. Mambo ya kliniki au ya VVU fungua kwa bando lako. Mtu akikwambia uweke "cheti" kwenye simu ndipo waifai ifanye kazi, kataa, hicho ndicho kinachomfungulia kusoma na yaliyomo ndani. Na nyie mnaoendesha nyumba, badilisheni nywila ya ruta iliyokuja nayo kwenye boksi, wageni wapeni mtandao wao tofauti na ile kompyuta yenye mafaili. Mkitaka kuchuja, wekeni 1.1.1.3, namba ya DNS ya hao hao Cloudflare, kwenye ruta, inachuja nyumba nzima bila kumfuatilia mtu mmoja mmoja.

Mikutano ya mtandaoni iwe na chumba cha kusubiria na nywila, 2020 wahuni walivamia mikutano ya AA kwenye Zoom wakawa wanawasifia pombe watu waliokuwa wanatetemeka. Ukiingia badilisha jina linaloonekana, programu nyingi zinaonyesha jina kamili la akaunti.

Ushuhuda sasa. Kijana ana wiki tatu tu, amesimamishwa mbele, jasho linamtoka, maikrofoni hii hapa na simu nne zinarekodi, moja inarusha laivu. Anasema alimwibia mama yake. Kesho yake iko TikTok na imewekewa muziki. Miaka mitano mbele anaomba kazi na video bado ipo. AA wenyewe, pamoja na kumtaja Mungu kwao kote, waliweka kwenye mapokeo yao kwamba memba asijulikane kwenye magazeti, redio na filamu, kwa hiyo usikubali uambiwe kujificha ni kukosa imani. Sema mapema, siku ya kuingia na sio ukiwa jukwaani: "Nitashuhudia humu ndani, kamera hapana." Ukiombwa kusaini fomu ya picha, kata kwa kalamu hicho kipengele kisha usaini vilivyobaki.

Ikishavuja, andika, usipige simu. Ujumbe mfupi unatosha: "Video ya tarehe fulani inaonyesha sura yangu na hali ya afya yangu. Sikuridhia irushwe. Naomba ifutwe ndani ya siku saba na mnijibu kwa maandishi." Piga skrinshoti ya video na ya ujumbe wako. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na habari za afya na za dini zimo kwenye taarifa nyeti, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ni sheria ya 2019 na unaenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kanisa, msikiti, soba, hakuna aliyeandikiwa msamaha kwa sababu nia yake ilikuwa njema.